Mia Saba ya Kununua Giza

Fomu za kuombea pesa za ziara za watoto zina kisanduku kimoja kisichokosekana: "Manufaa yanayotarajiwa." Ukikiacha wazi, fomu inarudi. Ukiandika "watoto watafurahi," inarudi pia, ila sasa inarudi na barua pepe yenye adabu nyingi. Kwa hivyo kila mtu anayepeleka watoto mahali hujifunza kuandika ule uongo mdogo unaokubalika. Watoto watahamasika kusomea sayansi. Alama za hisabati zitapanda. Tutakuza wahandisi wa kesho.

Najua kukijaza vizuri. Tangu niachane na chuo nikiwa mwaka wa pili, nimekula kwa kuandikia watu maneno: maelezo ya bidhaa, wasifu wa mabosi, maombi ya ufadhili. Jumamosi najitolea kwenye maktaba ndogo ya mtaa huku Eastlands, na kwa sababu wanajua kazi yangu, karatasi zote zenye visanduku huishia kwangu. Safari hii ni karatasi za planetariamu. Tunataka kupeleka watoto 43 wakakae chini ya kuba saa tano asubuhi, waonyeshwe nyota. Ukijumlisha gari, kiingilio, chakula na maji, ni kama soo saba kwa kila kichwa.

Swali lililonikwama ni hili: mtoto anahitaji sababu ndiyo atazame nyota? Na kama pesa ni za mtu mwingine, nani anadaiwa hiyo sababu, na anamdai nani?

Upande ule mwingine wa jiji hakuna anayeuliza. Shule ambazo karo ya muhula mmoja ni kodi yetu ya miaka miwili hupeleka watoto planetariamu, baharini, hata ng'ambo, na barua inayokwenda kwa mzazi husema tarehe, saa, na ambebee mtoto sweta. Basi. Ni ziara. Mtoto wa huku ndiye lazima safari yake ilete ripoti.

Kwa ambaye hajawahi kuingia, planetariamu ni chumba cha duara ambacho dari yake ni kuba. Kuna projekta, ya zamani ikiwa imesimama katikati kama dubwana, za kisasa zikiwa zimefichwa pembeni. Taa zinazimwa polepole, macho yanazoea, halafu dari inapotea. Nasema inapotea kwa sababu hakuna neno bora. Unajua kabisa iko pale, mita chache juu ya kichwa chako, lakini jicho linakataa. Anayeongoza shoo anaweza kuharakisha usiku mzima upite kwa dakika mbili, au akupeleke ukasimame karibu na mikanda ya Zohali.

Kifaa chenyewe ni cha juzi tu. Oskar von Miller, aliyeanzisha Deutsches Museum mjini Munich, alitaka watu waingie ndani ya anga badala ya kuitazama kwenye picha. Akawaendea kampuni ya Zeiss kule Jena. Wazo la kwanza lilikuwa kujenga tufe kubwa lenye mashimo ya nyota na kulizungusha juu ya watu. Mhandisi Walther Bauersfeld akaligeuza: kuba likae palepale, kinachozunguka kiwe nuru. Onyesho la kwanza lilifanyika Munich tarehe 21 Oktoba 1923. Mashine ile ilikuwa na kasoro moja ambayo huwa inanichekesha. Iliweza kuonyesha anga ya Munich peke yake. Msalaba wa Kusini, ambao sisi tunauona bila shida, haukuwemo. Watu walitoka mle wakisifu maajabu ya ulimwengu mzima, na walichokuwa wameonyeshwa ni anga ya mtaa wao. Ilibidi mashine ya pili itengenezwe ndiyo nyota za kusini nazo zipate nafasi.

Sasa angalia tulipokaa sisi. Nairobi iko kusini ya ikweta kwa zaidi kidogo tu ya digrii moja. Katika mwaka mmoja, karibu kila nyota ya kaskazini na ya kusini inapita mbele yetu. Mtu wa Munich hawezi kusema hivyo, wala wa Cape Town. Kama ulimwengu ungekuwa sinema, sisi tuna tiketi ya katikati, mstari wa mbele. Na bado natafuta soo saba mara 43 ili watoto waone kitu kinachopita juu ya nyumba zao kila usiku.

Sababu inasimama pale kwenye kona ya mtaa, ndefu kuliko ghorofa tano, na jina lake kila mtu anajua. Mulika mwizi.

Hapa lazima niende polepole, maana ni rahisi sana kuandika upuuzi. Nikiwa mdogo, kabla ya ule mlingoti kusimamishwa, giza la mtaa wetu lilikuwa na bei yake. Kulikuwa na vichochoro ambavyo hukupita baada ya saa moja. Kwenda choo cha nje usiku ilikuwa ni mpango wa watu wawili, na kwa wasichana hata watu wawili haikutosha. Taa ilipokuja, wamama wa chipsi na wa samaki wakaongeza masaa manne ya biashara. Watoto wakafanyia homuweki nje, kwenye ngazi, stima ya nyumbani ikiwa imekatwa kwa deni. Niende leo nimwambie mama wa samaki kwamba taa ile imemnyang'anya Njia Nyeupe, atanitazama kwa huruma na kuniongezea kipande cha mkia.

Mwaka 2016 wanasayansi walichora ramani ya dunia ya mwangaza wa usiku, na wakakuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawawezi tena kuona Njia Nyeupe kutoka wanakoishi. Nimesoma makala nyingi za kuomboleza jambo hilo. Nyingi zina uzuri wake, na nyingi zimeandikwa na mtu mwenye askari getini. Anayelilia giza mara nyingi ni yule ambaye giza halijawahi kumpora simu. (Ila pia hakuna aliyelazimisha taa imwage nuru juu mawinguni. Ikifunikwa vizuri kwa juu, mwangaza ukashuka chini tu, mwizi bado angeonekana na baadhi ya nyota zingerudi. Hilo ni suala la bati na mtu wa kujali.)

Kwa hivyo watoto wetu walifanyiwa biashara ambayo hata mimi ningeikubali: usalama kidogo, nyota ziende. Lakini biashara ya haki haimaanishi hakuna kilicholipwa. Desemba 2023, stima ilipopotea nchi nzima kwa mara ya tatu ndani ya miezi minne, nilikuwa juu ya ghorofa tunapoanika nguo. Watoto walikuwa wameshapanda, maana ndani hakukuwa na TV. Mawingu yakafunguka kidogo. Kijana wa gredi ya nne akaniuliza ule mkusanyiko mdogo wa nyota ni nini, zile zimesongamana kama watu kwenye steji mvua ikinyesha. Nikamwambia Kilimia. Akafikiria, kisha akauliza, "Siku zingine huwa zinaenda wapi?"

Hapo ndipo wazo la ziara lilitoka. Mtoto wa mji huu anaona nyota kwa njia mbili, ama stima ipotee ama alipe.

Tulipoanza kuipanga, swali la kwanza kutoka kwa watoto wenyewe halikuwa la chakula, nilivyodhani. Msichana wa gredi ya sita, mwenye mazoea ya kusoma maandishi madogo nyuma ya kila kitu, aliuliza: "Ni nyota za ukweli ama ni video?"

Ni swali zuri kuliko yaliyoko kwenye fomu. Kuna hadithi ya kale ya Plato ya watu waliofungwa pangoni, wakitazama vivuli ukutani na kuviita dunia. Sisi tunataka kuwatoa watoto kwenye jua la saa tano, tuwaingize pangoni, tuwaonyeshe vivuli, na tuite hiyo elimu. Nikimwambia msichana huyu kwamba ni za ukweli, nimemdanganya. Nikimwambia ni video tu, pia nimemdanganya, kwa sababu kila nukta kwenye kuba imewekwa mahali ambapo nyota yenyewe ipo. Na hata ile "ya ukweli" ina mambo yake: nuru ya Kilimia unayoiona usiku wa leo iliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita, karibu na wakati Wareno walipokuwa wakijenga Fort Jesus. Hakuna mtu aliyewahi kuona nyota ya leo, ukitoa jua.

Nilimjibu kwamba ni ramani unayoingia ndani yake. Sijui kama aliridhika. Lakini swali lake lilibadilisha kitu kimoja kwenye mpango wetu. Planetariamu nyingi zina shoo za aina mbili. Kuna filamu zilizorekodiwa, zenye muziki mzito na vyombo vya angani vikipita kwa kasi mpaka unashika kiti. Halafu kuna kipindi ambapo mtu hai anasimama gizani na kalamu ya mwanga akikuonyesha anga. Filamu ndiyo watoto wangechagua, na ndiyo inayotoka vizuri kwenye picha. Mimi nimeomba mtu hai, na nimeomba aonyeshe anga ya usiku wa siku hiyohiyo, ya hapahapa Nairobi. Sababu yangu ni kwamba mulika mwizi haiwezi kuzima kila kitu. Zuhura ikiwa angani inaonekana hata ukiwa chini ya taa ya barabarani. Mshtarii pia. Nyota chache zenye nguvu pia. Mtoto akionyeshwa asubuhi kwamba leo saa mbili usiku kitu fulani kitakuwa juu ya upande fulani, jioni anaweza kupanda juu ya ghorofa akahakikisha. Naona tofauti kati ya kiini macho na mafunzo iko hapo. Mwenye kiini macho hataki uende ukaangalie mwenyewe.

Nimeomba pia Kiswahili. Hili lilileta mvutano kidogo kwenye kamati, maana mwenzangu mmoja anaamini kwamba sayansi ikisemwa kwa Kiswahili watoto "watarudi nyuma." Lakini majina haya tunayo. Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali: hayakutafsiriwa jana na kamati ya istilahi, yamekuwa kwenye vinywa vya watu wa pwani kwa vizazi. Na majina mengi ya nyota ambayo watoto watayasikia kwa "Kizungu" ni Kiarabu tu kilichovaa suti. Aldebaran maana yake ni anayefuata, kwa sababu inafuata Kilimia angani usiku kucha, kama kondakta aliyeachwa na gari. Mtoto akijua hivyo, hatasahau iko wapi.

Sasa mama wa chapo.

Mfadhili wetu, ambaye simtaji, alikubali kutoa mia tano kwa kila mtoto. Mia mbili zitoke kwa wazazi. Nilipita nyumba kwa nyumba na kibanda kwa kibanda. Wengi walitoa, au walisema mwisho wa wiki. Mama mmoja anayeuza chapo na madondo karibu na steji alifuta mikono, akaisoma barua yote, akanirudishia.

"Mwalimu, hii kitu itamsaidia nini?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nimeshayaandika kwenye kisanduku, na yalikuwa majibu ya kweli kabisa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kusherehekea uhuru, setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikapewa jina la Uhuru. Waitaliano walikuwa na jukwaa, Wamarekani walikuwa na setilaiti, sisi tulikuwa na ikweta na jina. Ilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mwaka 2023 Kenya ikarusha Taifa-1. Susan Murabana na shirika la Travelling Telescope wamekuwa wakibeba darubini na kuba la kupuliza hewa hadi shuleni kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hivyo kazi ipo, njia ipo, mtoto wako naye anaweza.

Yote ni kweli na sikumwambia hata moja. Ukiwaambia watoto 43 kwamba wanaenda kule ili wawe wanasayansi wa anga, umeshawaandalia 42 kushindwa, na wengine wao wana miaka tisa. Tena mama huyu hakuuliza kama mfadhili anavyouliza. Mfadhili anauliza kwa sababu ana ripoti ya kuandika. Yeye mia mbili yake ni pakiti ya unga na chenji ya sukuma. Anayelipa kwa unga ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kujibiwa bila mapambo.

Aristotle aliandika kwamba watu walianza kutafuta hekima kwa sababu ya mshangao. Hiyo sehemu hunukuliwa sana. Sehemu inayofuata hainukuliwi: alisema pia kwamba utafutaji huo ulianza wakati mahitaji karibu yote ya maisha yalikuwa yameshapatikana. Yaani unga kwanza, nyota baadaye. Mama wa chapo na Aristotle wako upande mmoja, na mtu akisimama na hao wawili si rahisi kumwambia amekosea.

Lakini lugha yetu inabisha. Kilimia inatokana na kulima. Mababu hawakusubiri washibe ndiyo watazame juu. Walitazama kwa sababu njaa ilikuwa karibu. Walijua kikundi kile kikizama na mvua, kitarudi na jua, na kinyume chake, wakapanga jembe kwa kufuata hapo. Nilipofika hapa kwenye mawazo yangu nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha nikaona kwamba nimerudi mlemle kwenye kisanduku. Nimetetea nyota kwa kuonyesha kwamba zililipa. Na kwa mtoto wa huku hazilipi tena. Kilimia haimwambii chochote kuhusu chakula; bei ya unga inamwambia. Matumizi yote yakishaondolewa, kinachobaki ni mtoto na kitu kikubwa kisichomhitaji. Kama hicho hakiwezi kusimama chenyewe, basi heri nimrudishie mfadhili pesa zake.

Nilimwambia mama, "Hakuna kitu naweza kukuahidi. Ataona nyota, atarudi saa tisa."

Akacheka. Akaniambia wao walipelekwa Nakuru na shule, darasa la saba, wakaona ziwa limejaa flamingo, maji yote ya pinki. Nikamuuliza kama ilimsaidia. Akasema haikumsaidia na kitu, yeye si anauza chapo? Akageuza chapo mbili kimya. Kisha akasema watoto wake wameisikia hiyo hadithi ya flamingo mpaka wamechoka nayo, wakimwona anaanza wanaondoka.

Alinipa mia moja. Nyingine bado.

Kuna watu watasema basi jibu ni hilo, kumbukumbu. Siamini sana. Kumbukumbu ni aina nyingine ya faida, imevaa tu nguo laini. Nilichokiona pale kibandani ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuidai ile safari ya Nakuru imlipe, na hajutii. Tunajua kupokea kitu namna hiyo. Tunachoshindwa ni kukitoa kwa mtoto wa mwenzetu bila kuambatanisha bili.

Shida kubwa zaidi ilikuwa bado, na ilikuwa hesabu tu. Basi tulilopata lina viti 33. Toa watu wazima watatu, kwa sababu huwezi kuingiza watoto gizani bila macho ya kutosha, hasa wale wadogo ambao watalia taa zikizimwa (na watalia, wanaoendesha shoo wenyewe hushauri uwaketishe karibu na mlango). Wanabaki 30. Tuna 43. Watoto 13 wako nje.

Kila aliyeketi kwenye kamati alikuwa na mizani yake. Twende na wenye alama nzuri. Twende na waliomaliza mia mbili. Twende na wakubwa, wadogo bado wana wakati. Mfadhili naye alipendekeza, kwa upole, tusisahau "watoto wanaojieleza vizuri," kwa ajili ya video fupi ya baadaye. Mwingine akasema tupige kura, karatasi kwenye kofia, Mungu achague.

Alama nilizipinga na bado nazipinga. Mtoto aliye wa mwisho darasani ndiye ambaye kila mlango unafungwa kwa kutumia namba yake. Tusiitundike namba hiyo hata kwenye mlango wa kutazama juu. Kuhusu waliolipa, ungemwacha mtoto wa mia moja kwa sababu mamake alijibiwa kwa ukweli. Kura ya kofia inaonekana safi, na mimi mwenyewe niliitaka kwa siku mbili nzima. Shida yake ni kwamba inatuondolea kazi ya kutazama. Kuna msichana ambaye kila Jumamosi anamlea kaka yake wa miaka mitano; ukimchagua yeye bila kaka, hujamchagua. Kuna kijana anayehamia ushago muhula ujao. Kuna mwenye magongo, ambaye lazima tupige simu mapema tujue ngazi ziko ngapi. Kofia haijui hayo yote.

Mtu mmoja akasema la maana: kwa nini tusilete kuba la kupuliza hapa shuleni, waone wote, na wa jirani pia? Kwa hesabu ya vichwa, hakuna ubishi, na kama ningekuwa nagawa chanjo ningelileta kuba kesho. Tuliwauliza watoto. Wakakataa karibu wote. Wanataka basi. Wengine hawajawahi kuvuka upande ule wa tauni, na kwao dirisha la basi ndiyo shoo ya kwanza. Walipoambiwa kuhusu viti, mmoja akatoa suluhisho, wakae watatu watatu kwa viti vya wawili, "si ndio hukuwa kwa mathree?" Ilibidi nieleze kwa nini hapana, na ilikuwa vigumu, kwa sababu kweli ndio hukuwa.

Ndipo nikaangalia bajeti upya na kuona fulana. Fulana 33, nyeupe, zenye nembo ya mfadhili kifuani na maneno kuhusu kufikia nyota mgongoni. Pesa za fulana zingekodi nisani ya watu 14 kwenda na kurudi: watoto 13 na mtu mzima mmoja. Inafika pale pale, namba kwa namba. Niliandika barua pepe nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika bila malipo. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Fulana ziko kwenye kifungu kingine cha bajeti.

Sina hasira na aliyenijibu; anafuata karatasi yake kama mimi ninavyofuata yangu. Lakini nadhani sasa najua sababu inadaiwa na nani. Mama wa chapo alipouliza itasaidia nini, alikuwa tayari kusikia "hakuna" na bado akatoa mia. Kisanduku hakiwezi kusikia "hakuna." Ndiyo maana kinapata wahandisi wa kesho, na fulana.

Jumatano nilienda kwa wenye magari, steji ile ile. Mwenye nisani mmoja, mzee ambaye watoto wanne kati ya wale 13 ni wajukuu wa majirani zake, alisikiliza mpaka mwisho. Akasema Jumamosi asubuhi abiria huwa wachache, tuweke mafuta tu. Nikamshukuru. Nikaanza kumweleza ratiba: tunaondoka saa tatu kamili, kila mtoto na chupa ya maji, tunafika mapema ili wapitie chooni kabla ya kuingia kwa sababu mlango ukifungwa hatutaki kuufungua katikati, yeye atasubiri nje kama saa moja na robo.

Akaniuliza kwani dereva haruhusiwi kuingia.

Kondakta wake, aliyekuwa amelala kiti cha nyuma kofia usoni, akainua kofia na kuuliza hivyo hivyo. Nimepiga simu kule na kuongeza viti viwili vya watu wazima kwenye oda. Pesa yake bado sijapata.